Kaseti ya gemu ambayo haikuwahi kuuzwa: wanajuaje kama ni ya kweli?

Wiki mbili zilizopita tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana wa Barazani, hapa Mang'ola. Jina lake hatulitaji, mwenyewe ametuomba hivyo. Alikuwa ameona kwenye simu video fupi ikisema kwamba kaseti moja ya zamani ya gemu imeuzwa Marekani kwa zaidi ya shilingi bilioni tatu. Na yeye, kwenye sanduku la bati la mama yake, anayo kaseti ya gemu ya rangi ya njano ambayo kaka yake aliinunua Arusha miaka mingi iliyopita, enzi zile za gemu za kuchomeka kwenye televisheni. Akaipiga picha na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la kuuza na kununua. Kesho yake akapigiwa simu na mtu asiyemjua.

"Dogo, hiyo gemu haijawahi kutoka," mtu huyo alimwambia. "Wazungu wanaitafuta. Tuma elfu sitini ya uthibitisho, mnunuzi yupo tayari."

Swali la kijana lilikuwa fupi: "Mtangazaji, nitume au nisitume?"

Tulimjibu saa ile ile kwamba asitume hata mia. Lakini baada ya kusoma ujumbe wake hewani, simu zilizoingia zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na nyingi ziliuliza jambo jingine kabisa. Kwani kuna gemu ambazo zilitengenezwa zikaachwa bila kuuzwa? Na mtu akisema ameipata moja, nani anaweza kusema kama ni kweli au ni uongo? Hewani tulikuwa na dakika chache tu, kwa hiyo tumeona tuiandike hapa usome kwa nafasi yako.

Tuanze na ile video, maana haikusema uongo, ila ilisema nusu. Mwezi Julai 2021 kaseti ya gemu iitwayo Super Mario 64 iliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola milioni 1.56. Gemu hiyo ilitoka mwaka 1996 na ziliuzwa nakala milioni nyingi. Haikuwa gemu adimu hata kidogo. Kilichouzwa ni boksi ambalo halikufunguliwa tangu litoke kiwandani, nailoni yake haijaguswa, kona zake hazijapinda. Kaseti ileile ikiwa imefunguliwa na kuchezwa, bei yake ni ya kawaida tu. Kwa hiyo kaseti iliyolala sandukuni na vumbi la Mang'ola haipo kwenye hesabu hiyo.

Gemu ambazo hazikuwahi kutoka ni habari nyingine. Kampuni inapotengeneza gemu haiamki asubuhi moja na kupeleka kasha la kaseti dukani. Kwanza hutengeneza nakala chache za majaribio. Nyingine hupelekwa kwa waandishi wa magazeti ya gemu ili waziandike mapema, nyingine huonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara, nyingine hubaki mezani kwa mafundi wanaotafuta makosa. Halafu mara nyingine, katikati ya safari, mwenye kampuni anabadili mawazo. Fedha zimeisha, au mtambo mpya umetoka na gemu ile inaonekana ya kizamani kabla haijazaliwa. Kazi inasimama. Zile nakala chache zinaingia kwenye droo ya mtu na kusahaulika.

Mfano mzuri ni Star Fox 2 ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Ilikuwa imeshakamilika kufikia mwaka 1995, kisha ikawekwa kabatini. Watu waliisikia kwa miaka zaidi ya ishirini, mpaka Septemba 2017 Nintendo wenyewe walipoitoa ndani ya mtambo mdogo uliobeba gemu zao za zamani. Hiyo ilikuwa na bahati, mwenyewe alikuwa anajua ilipo. Nyingi hazina mwenyewe.

Hapo ndipo wanapoingia wakusanyaji. Kama hujawahi kukutana nao, fikiria wale watu wanaotunza stempu au fedha za kale. Hawa wanatunza gemu, na wanazijua kama mfugaji wa Kidatoga anavyomjua ng'ombe wake kwa rangi na pembe. Wanajua gemu gani ilitangazwa kwenye gazeti lipi, mwaka gani, kisha haikuonekana tena. Wana orodha ndefu kichwani ya vitu vilivyopotea. Sasa akitokea mtu na kusema, "Ninayo mojawapo," ni kama amerusha jiwe kwenye mzinga wa nyuki.

Kisa kinachotufurahisha zaidi ni cha gemu iitwayo Bio Force Ape. Iliandaliwa na kampuni ya Kijapani iitwayo SETA mwanzoni mwa miaka ya 1990, na shujaa wake alikuwa nyani mwenye misuli kama mpiga mieleka. Magazeti yaliionyesha, watoto wakaisubiri, haikuja. Mwaka 2005 mkusanyaji mmoja alitangaza kwamba ameipata nakala ya majaribio. Akaanza kuonyesha picha, moja baada ya nyingine. Wengi walishangilia. Wachache walikuna kichwa, kwa sababu picha zilizidi kuwa za ajabu, hata akatokea adui aliyetengenezwa kwa siagi. Mwishowe ikajulikana kwamba hakuna kaseti yoyote. Picha zote alizichora mwenyewe kwa kompyuta, kwa utani tu.

Hakuchukua fedha ya mtu, tumpe haki yake. Lakini ona jinsi ilivyokuwa rahisi. Watu waliokuwa wanaijua historia ya gemu kuliko sisi tunavyoijua barabara ya Karatu walikaa wakibishana juu ya picha. Walitaka iwe kweli, na mtu anayetaka jambo liwe kweli huwa mtu rahisi kumdanganya. Tumeliona hilo kwa wakulima wetu wa vitunguu pia, pale dalali anapopiga simu na kusema bei ya Nairobi imepanda mara mbili tangu jana.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2010 nakala ya kweli ya Bio Force Ape ilijitokeza kwenye mnada huko Japani. Safari hii wale walioumwa na nyoka waliogopa hata kamba, wakaichunguza kwa makini kabla ya kushangilia. Ilikuwa yenyewe. Ilinunuliwa na wapenzi wa gemu za zamani, yaliyomo yakanakiliwa, na mwaka 2011 nakala ikawekwa wazi ili kila mtu aione. Mle ndani hapakuwa na adui wa siagi.

Sasa, walichunguza nini hasa? Kuna mambo matatu makubwa, na tungependa tuyaeleze kwa kisa kingine kinachowahusu vijana wa vibanda vya gemu kuliko wanavyodhani.

Karibu kila kibanda cha gemu kuanzia Karatu mjini mpaka Ghorofani kina mtambo wa PlayStation, hata kama ni wa zamani, wa toleo la pili. Wengi hawajui kwamba PlayStation ilianza kama mradi wa ushirikiano. Sony walikuwa wanaitengenezea Nintendo kifaa cha kusoma sidii. Juni 1991, kwenye maonyesho ya Chicago, Sony walitangaza mtambo huo. Siku iliyofuata Nintendo wakatangaza kwamba wanashirikiana na kampuni ya Philips badala ya Sony. Mbele za watu! Baadaye Sony waliamua kwenda njia yao, na Desemba 1994 wakaitoa PlayStation yao wenyewe huko Japani. Mtambo wa ushirikiano haukuwahi kuuzwa. Inasemekana yalitengenezwa mashine kama 200 za majaribio, na wengi waliamini zote ziliharibiwa.

Julai 2015 zikatokea picha za mashine moja, plastiki yake imeiva na kuwa ya njano kama jino la mvuta kiko, ina nembo ya Sony. Wakusanyaji wakagawanyika papo hapo. Kundi moja lilisema ni maajabu. Jingine likasema mtu ameunganisha maboksi mawili kwa gundi.

Jambo la kwanza lililowatuliza ni historia ya kitu chenyewe: kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani. Mwenye mashine alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni ya mambo ya fedha iitwayo Advanta huko Pennsylvania. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2009 na vitu vyake vikauzwa kwa mnada. Akanunua furushi la vitu kwa dola kama 75, na mashine ilikuwa humo. Je, kampuni ya fedha inahusiana nini na gemu? Jibu lilipatikana: mmoja wa wakuu wake wa zamani, Olaf Olafsson, kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa juu wa Sony upande wa gemu. Mnyororo ukaunganika, pete kwa pete.

Jambo la pili ni kufungua. Fundi wa Marekani anayejulikana kwa jina la Ben Heck aliifungua mashine hiyo mbele ya kamera mwaka 2016, akaonyesha bodi ya ndani, chipu zake na maandishi yake. Sehemu ya sidii haikuwa inafanya kazi. Mwaka 2017 akafanikiwa kuifufua. Kitu cha kughushi kinaweza kupendeza kwa nje, ila ni kazi ngumu sana kughushi bodi nzima yenye chipu za mwaka sahihi.

Machi 2020 mashine hiyo iliuzwa kwa mnada kwa dola 360,000, zaidi ya shilingi milioni 800 kwa dola ya wakati ule. Mwenyewe alikuwa ameeleza kwamba kabla ya hapo mtu wa Norway alimwahidi dola milioni 1.2, naye akakataa. Sisi studioni tulibishana nusu saa kama alikosea. Hatukupata mshindi.

Jambo la tatu ndilo lenye ugumu wake, na ndilo hasa lililotufanya tuandike makala hii. Nalo ni kunakili.

Nakala za majaribio za gemu za zamani kwa kawaida hazikutumia chipu kama za kaseti za dukani. Zilitumia chipu inayoweza kuandikwa, kufutwa na kuandikwa tena. Juu ya chipu hiyo kuna kidirisha kidogo cha kioo. Ukiimulika kwa taa ya miale ya urujuanimno, yaliyomo yanafutika, na fundi anaweza kuandika upya. Ndiyo maana utakuta kidirisha kimefunikwa kwa karatasi ya gundi yenye jina la gemu na tarehe iliyoandikwa kwa mkono. Karatasi ile inazuia mwanga. Lakini hata gizani, umeme mdogo unaoshikilia kumbukumbu unavuja polepole, miaka nenda miaka rudi. Watengenezaji hawakukusudia chipu hizo zidumu milele. Zilikuwa za kazi ya miezi michache.

Mkulima wa Mang'ola anaijua hali hii bila kufundishwa. Unaweza kukuta kitunguu ghalani, ganda la nje jekundu, linang'aa, ukikibonyeza kidole kinazama. Kaseti inaweza kuwa nzima kwa nje huku gemu ndani ikiwa imeanza kufutika, herufi moja leo, nyingine mwakani. Na kama ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani, basi hapo hakuna mbegu ya kupanda tena.

Kunakili yaliyomo ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye kifaa. Basi kwa nini wengine hawataki? Kwa sababu thamani yao iko kwenye upekee. Mtu ametoa maelfu ya dola kununua kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Kikishanakiliwa na kuwekwa wazi, kila mwenye simu nzuri anaweza kukicheza bure, na mnunuzi wa kesho huenda akashusha bei. Hapo wakusanyaji hugawanyika kuliko wanavyogawanyika juu ya uongo na ukweli. Kundi moja linasema, "Ni mali yangu, nimeinunua kwa jasho." Jingine linasema, "Unakaa juu ya kitu kinachokufa."

Mwaka 2017 yaliibuka mambo kama hayo juu ya SimCity, gemu ya kujenga mji. Nintendo walitangaza mwaka 1991 kwamba itakuja kwenye mtambo wao mdogo, haikuja. Miaka ishirini na sita baadaye zikajitokeza kaseti mbili za majaribio. Mwenye moja alikubali inakiliwe, ikafanyiwa kazi na taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia ya gemu, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 watu wakaweza kuiona. Taasisi hiyohiyo ilitoa utafiti mwaka 2023 ukionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Na hizo ni zile zilizotoka! Zile ambazo hazikutoka hazimo hata kwenye hesabu.

Sisi tuko upande wa wanaonakili, na tunaona ni haki tukuambie sababu. Kituo chetu kilipokuwa kinatumia kanda, kanda zilikuwa ghali. Kipindi kikisharushwa, kanda ilirekodiwa upya juu yake. Wazee waliozungumza humo, Wahadzabe wakisimulia kwa lugha yao yenye vidoko, wazee wa Kiiraqw wakieleza jinsi mifereji ya maji ya Qang'dend ilivyogawanywa, baadhi yao wametangulia mbele ya haki. Walipofutwa, juu yao tulirekodi salamu za sikukuu na matangazo ya minada. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna pia aliyenakili. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba kaseti yake ya pekee iko salama kabatini, sisi hatusemi kitu, tunaangalia tu kabati letu.

Mmoja wa waliopiga simu, mzee wa Endamaghang, aliuliza kama habari hizi zinatuhusu sisi watu wa Ziwa Eyasi au ni mambo ya Wazungu na michezo ya watoto wao. Tulimkumbusha kisa cha hapahapa. Mwaka 1935 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliokota vipande vya fuvu la kale kando ya ziwa letu. Vikapelekwa Ujerumani, na mtaalamu mmoja akatangaza kwamba ni aina mpya ya binadamu, akaipa jina lenye neno Njarasa, ambalo ni jina jingine la ziwa. Wataalamu wengine hawakukubali, na leo jina lile halitumiki kama jina la aina ya pekee. Ubishi ulikuwa uleule: aliyeokota anasema hiki, wanaopima wanasema kile. Kilichosaidia ni kwamba mahali palipookotwa pamejulikana, na watafiti wa baadaye waliweza kurudi kandokando ya ziwa kutazama wenyewe.

Na hapa tuseme jambo moja la sheria, kwa sababu tumepokea pia picha za mifupa iliyogeuka mawe. Mifupa ya namna hiyo na vitu vya kale haviuzwi kama vitunguu. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Ukikuta kitu cha namna hiyo shambani au korongoni, kiache kilipo, weka alama, toa taarifa ofisi ya kijiji. Ukikichimbua na kukipeleka kwa dalali, umekiondolea historia yake, na kama tulivyoona, historia ndiyo inayothibitisha.

Turudi kwa kijana wetu na zile elfu sitini. Wakusanyaji wenyewe kwa wenyewe wana desturi moja rahisi ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifuata, awe ananunua pikipiki, shamba au mbuzi aliyemwona kwenye picha. Wanamwambia muuzaji: andika jina langu na tarehe ya leo kwenye karatasi, iweke juu ya kitu, piga picha upya, nitumie. Aliyeiba picha ya mtu mwingine atakuwa na visingizio vingi, mara betri imeisha, mara yuko safarini. Mnunuzi wa kweli naye hatakudai ada ya kumwezesha akupe fedha. Anayetaka utume kwanza ndipo upokee, huyo anakuvua samaki. Ujumbe wa namna hiyo na namba iliyoutuma, vitume kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu. Kutuma hakuchukui hata dakika.

Kijana alituletea kaseti yake studioni siku ya mnada. Tuliweka karatasi mezani, tukaifungua kwa bisibisi ndogo ya fundi redio. Ndani kulikuwa na kibodi cha kijani chembamba kama biskuti, na katikati yake tone jeusi la gundi ngumu lililofunika chipu. Hiyo ndiyo alama ya kaseti za bei nafuu zilizotengenezwa kwa maelfu huko Asia na kuuzwa Afrika nzima. Hakuna kidirisha cha kioo, hakuna karatasi ya tarehe. Kwenye ganda iliandikwa kwamba ina gemu 9,999 ndani yake. Alicheka mwenyewe akikumbuka kwamba utotoni walihesabu wakafika kama gemu kumi na mbili, halafu zilezile zikaanza kurudi kwa majina mengine.

Elfu sitini yake bado anayo. Aliyempigia simu hapokei tena. Sasa kijana anatafuta televisheni ya kizamani yenye zile tundu tatu za nyekundu, nyeupe na njano, kwa sababu mdogo wake wa darasa la nne amesikia habari hii redioni na anataka kujua kama gemu ya vifaru bado imo.